Wacha Quinoa, Wimbi Iko Kwenu

Wasee, leo sina video. Leo naandika, ju hii maneno nikiiweka kwa sekunde sitini itageuka mzaha, na leo sijakuja kucheza.

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali moja. "Buda, nimeacha nyama," ama "nataka kupunguza nyama, nitajie kitabu kizuri cha mapishi ya mboga na nafaka nzima." Nami kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikijibu vibaya. Nilikuwa nikitaja vitabu vya watu wa mbali, vyenye picha safi, halafu naendelea na shughuli zangu. Nilikuwa nawapoteza. Wacha niseme ukweli leo, na nianze na makosa yangu kabla sijaenda kwa ya wengine.

Mwaka jana nilipika bakuli la quinoa, avokado na mbegu za chia. Nilirekodia kwa meza ya rafiki yangu, kwa sababu yangu ni ya plastiki na mguu mmoja umefungwa na waya. Video ilienda vizuri. Watu wakasema wamepata motisha. Kitu ambacho sikuwaambia ni kwamba ile pakiti ya quinoa nilipewa bure, singeweza kuinunua. Na nilipozima kamera, nilishuka ngazi nikaenda kwa kibanda nikaagiza chapo mbili na ndengu. Nilikuwa na njaa, manze. Nilikula ndengu yangu nikiwa nimeinama kwa simu, nikihesabu laiki za chakula ambacho sikukishiba.

Fikiria hiyo picha. Chakula kisicho na nyama, chenye protini, cha bei ya mtaa, kilichopikwa na mama anayejua kazi yake, kilikuwa mbele yangu. Na mimi, mtu anayejiita mtaalamu wa kula vizuri, sikuona kama kinafaa kurekodiwa.

Hapo ndipo hasira yangu inaanzia. Msimamo wangu ni huu: sisi vijana wa mjini hatukosi mapishi ya mboga wala ya nafaka nzima. Tunakosa heshima kwa yale tuliyo nayo. Na kwa sababu hatuyaheshimu, hatuyaandiki. Na kwa sababu hayajaandikwa, yanakufa, halafu tunaenda dukani kununua kitabu cha mtu wa Marekani atufundishe kula maharagwe.

Msinielewe vibaya. Sina ubaya na vitabu vya watu. Nilipata nakala kuukuu ya Moosewood Cookbook ya Mollie Katzen kwa wauza vitabu wa kando ya barabara katikati ya jiji. Kitabu hicho kilitoka 1977, kimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe pamoja na michoro, na ukikisoma unaona mtu anayependa jikoni kikweli. Nilikipenda. Nikajaribu kukipikia. Ukurasa huu unataka oveni. Ule mwingine unataka jibini ya aina mbili. Mwingine unataka mboga ambayo sijawahi kuiona kwa mama mboga yeyote. Mimi naishi bedsita, nina gesi ya kilo sita yenye kichoma kimoja, sufuria mbili na mwiko. Kile kitabu si kibaya. Hakikuandikwa kwa ajili ya jikoni yangu, basi.

Na hii si shida mpya. Mojawapo ya vitabu vya mapishi vya zamani vilivyojulikana sana nchini kilitolewa Nairobi mwaka 1928 na akina mama wa kanisa la St. Andrew's. Jina lake lenyewe lilisema wazi kwamba ni cha walowezi. Sawa, walikuwa wanaandikia watu wao, siwalaumu kwa hilo. Lakini ni karibu miaka mia sasa. Walowezi walishaenda. Kwa nini bado nikiingia kwa duka la vitabu, rafu ya mapishi inaonekana ni kama hawajaenda?

Sasa tuzungumze kuhusu unga, ju hapa ndipo tunapochezwa.

Chukua punje ya mahindi. Ina ganda, ina kiini, na ina ule wanga mweupe wa katikati. Unga wa pakiti ule mweupe pe unatengenezwa kwa kutoa ganda na kiini kwanza. Ganda ndilo lenye ufumwele. Kiini ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Vinaenda wapi? Uliza mfugaji yeyote. Vinauzwa kama chakula cha mifugo. Ng'ombe anakula kiini, wewe unaletewa wanga na unaambiwa ni gredi ya kwanza.

Halafu sikiliza sehemu ya pili. Tangu 2012 sheria ya Kenya inalazimisha unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano uongezwe madini na vitamini: chuma, zinki, vitamini A, zile za kundi B. Ni sheria nzuri, na imesaidia watu ambao hawana njia nyingine. Siipingi. Lakini angalia mzunguko wenyewe. Tunatoa uzuri, tunauuza kwa ng'ombe, halafu tunarudisha sehemu yake kidogo na kuuandika kwa pakiti kama zawadi. Na mtu anayeenda na gorogoro yake kwa mashine ya posho kusaga mahindi mazima tunamwona mshamba.

Na mahindi yenyewe ni mgeni. Yalitoka bara la Amerika. Kabla hayajatawala, ugali wa huku ulikuwa wa wimbi na mtama. Hata leo Kisii ukienda kwa sherehe utawekewa ugali wa wimbi, mweusi, mzito, na hakuna mtu atakuomba msamaha kwa rangi yake. Wimbi ilianza kulimwa hapa hapa, nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, kisha ikasafiri hadi India. Kule wanaiita ragi. Wanaifanyia chapati, uji, vitafunio, keki. Umoja wa Mataifa ulitangaza 2013 kuwa mwaka wa quinoa, na 2023 kuwa mwaka wa mawele, mtama, wimbi na jamaa zao wote. Mwaka wa quinoa nilikuwa shule ya msingi, na jina hilo bado lilinifikia baadaye likiwa na pakiti ya kumeremeta. Mwaka wa wimbi nilikuwa na simu, intaneti na wafuasi, na sikupika hata sufuria moja ya wimbi mbele ya kamera. Hiyo ni aibu yangu.

Najua mtanijibu nini. Mtasema, "Lakini githeri ni chakula cha shule." Haya, tuongee kuhusu githeri.

Wengi wetu tulikula githeri ya bweni. Mahindi magumu, maharagwe matatu, maji ya uvuguvugu, na mdudu anaelea juu kama nahodha. Tukaapa kwamba tukitoka hapo hatutawahi kuigusa tena. Lakini hebu fikiria vizuri. Githeri haikukosea. Shule ilipika vibaya. Ukipikiwa wali mbovu kila siku kwa miaka minne ungeuchukia wali pia. Tulihukumu chakula kwa makosa ya sufuria.

Halafu kuna aibu ya umaskini. Mnakumbuka uchaguzi wa Agosti 2017, yule jamaa aliyepigwa picha kwenye foleni akila githeri kwa karatasi ya nailoni? Nchi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini tulicheka nini hasa? Mtu alikuwa na njaa, foleni ni ndefu, akala chakula chenye nafaka nzima na protini. Angekuwa anakula baga hakuna mtu angetoa simu. Kilichotuchekesha ni kwamba alikula chakula chetu hadharani bila kuona haya.

Na nyinyi maboyz wa "mwanaume hali majani," nawaona. Mnakula nyama choma mara moja kwa mwezi mshahara ukiingia, siku zingine zote ni sukuma, madondo na ndengu. Kwa hesabu, nyinyi ni wala mboga. Tofauti yenu na mimi ni kwamba mimi nimekubali. Na kama mmekubali, basi jifunzeni kupika vizuri hiyo ndengu mnayokula siku ishirini na tisa, badala ya kuipika kama adhabu mkingoja ile siku ya thelathini.

Tena msidhani kula bila nyama ni kitu kimeletwa na watu wa mitandao. Kuna Wasabato mtaani kwenu ambao hawajagusa nyama tangu wazaliwe. Kuna marasta na chakula chao kisicho na chumvi nyingi wala nyama. Kuna Wahindi wa Kenya, Wajaini kwa mfano, ambao wengine wao hata kitunguu na kiazi hawali, na wameishi Nairobi vizazi na vizazi. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44. Chapati unayoililia kila Krismasi ilikuja na watu hao. Kwa hiyo mwalimu wa mapishi ya mboga anaweza kuwa jirani yako wa ghorofa ya tatu. Umewahi kumuuliza?

Sasa kitu ambacho kimenifanya niandike badala ya kurekodi.

Susu wangu alikuwa Makueni. Wakamba tunamwita nyanya susu. Susu alikuwa na isyo, ile githeri yetu, aliyoipika na nzuu, mbaazi kwa Kiswahili. Na alikuwa na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kwa kinu hadi ganda litoke, ikapikwa polepole mpaka ilainike kama siagi. Sisemi hivi kwa sababu ni wetu. Nimekula hoteli nyingi tangu nianze hii kazi, na hakuna aliyefika karibu. Kulikuwa na kitu alichokuwa akiweka karibu na mwisho, jani fulani lililokaushwa, akilisugua kwa viganja juu ya sufuria. Nilikuwa nikiliona tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kuuliza linaitwaje.

Alipofariki tulikaa matanga, na jioni moja mathe akajaribu kupika ile isyo ya susu. Tukala tukanyamaza. Ilikuwa tamu, lakini haikuwa yenyewe. Shangazi akasema kuna jani. Mathe akasema hakuna jani, ni kitunguu cha majani. Mjomba akasema ni magadi. Watu wazima watatu, watoto wa yule mama, walikuwa wanabishana kuhusu chakula walicholelewa nacho. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Usiku huo nilifungua simu. Nilikuwa na video zaidi ya elfu moja. Za hoteli, za watu wakikatakata avokado, za mimi nikionja hiki na kile. Za susu zilikuwa nne: moja akicheka, mbili za Krismasi, moja ya bahati mbaya ambapo kamera imeelekezwa chini na unasikia tu sauti yake akiniita nije nile. Akipika, hakuna hata moja. Mimi ambaye kazi yangu ni kurekodi chakula.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikidhani ni methali ya watu wa biashara.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "chakula chetu hakina resipi, ni kuchemsha tu," mimi damu inapanda. Kina resipi. Ilikuwa kwa vichwa na viganja vya akina mama ambao hakuna mtu aliwahi kuwaona kama waandishi. Mpishi wa Senegal, Pierre Thiam, aliandika kitabu kizima kuhusu fonio, nafaka moja ndogo ya Afrika Magharibi. Kilitoka 2019. Nafaka moja, kitabu kizima. Cha wimbi kiko wapi? Mimi dukani sijakiona.

Mmeuliza vitabu, sasa nawajibu kama nilivyopaswa kujibu tangu mwanzo.

Cha kwanza kinaitwa Kenya Food Recipes. Kilitolewa 2018 na serikali ya Kenya pamoja na FAO. Ndani kuna vyakula vinavyopikwa na jamii zetu, vipimo vyake, na virutubisho vilivyomo. Ni cha Kiingereza, kina nyama pia kwa hivyo utachagua, na picha zake si za kukufanya ulie. Lakini ni bure mtandaoni, na ndicho kitabu cha kwanza nilichoona kinapima chakula ninachokijua. Serikali imefanya kitu kizuri na hakuna msee wa mtandao aliyewaambia, mimi nikiwa mmoja wao.

Cha pili si cha mapishi, ni cha mimea: Traditional Food Plants of Kenya, cha Patrick Maundu na wenzake, kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa mwaka 1999. Hapo utapata mmea, majina yake kwa lugha zetu nyingi, na unavyoliwa. Hicho ndicho ninachotumia sasa kulitafuta lile jani la susu. Bado sijalipata. Kazi kama hizi za kukusanya vyakula vya asili ndizo zilizofanya Unesco mwaka 2021 kuiweka Kenya kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Dunia imeona. Sisi bado tunanunua chia.

Cha tatu ni ujanja, na huu ndio unaofaa kuliko vyote. Jifunze majina ambayo chakula chetu kinaitwa kwingine. Wimbi ni ragi. Mtama ni jowar. Mawele ni bajra. Ndengu ni moong. Mbaazi ni toor. Tafuta majina hayo na utapata mapishi ya Kihindi kwa maelfu, yaliyopikwa na watu ambao wameacha nyama kwa karne nyingi, na viungo vyake vinauzwa Ngara na Parklands. Mrenda, ule unaokimbia kwa sahani na mnaucheka, Misri wanauita molokhia, na kule ni chakula cha heshima. Ukitaka kitabu cha karatasi, World Vegetarian cha Madhur Jaffrey cha 1999 kimejaa dengu, kunde na nafaka zinazopikika kwa sufuria ya kawaida. Hicho nakipitisha bila wasiwasi.

Unaona mpangilio? Sikusema usisome vitabu vya nje. Nasema anza na kilicho kwa kikapu cha mama mboga, kisha ukitafutie kitabu. Usianze na kitabu ukaishia kutafuta kitu kisichopatikana nchini.

Sasa, kwa sababu nimewadanganya kabla, wacha niseme na yale magumu.

Nafaka nzima si uchawi. Unga usiokobolewa unaharibika haraka kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hivyo saga kidogo kidogo, usijaze debe. Mahindi yenye unyevu huota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini, na hiyo si hadithi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani na maeneo ya karibu kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Susu alikuwa akiangalia kila punje, anaitupa iliyobadilika rangi, na tulikuwa tukimwona mchoyo wa wakati. Hakuwa anachezea punje. Kupika hakuondoi hiyo sumu. Nunua mahindi makavu, chagua, na ukinusa uvundo usiseme "ni sawa tu."

Na muthokoi niliyoisifu si nafaka nzima, ganda limetoka. Siwezi kuwauzia uongo kwa sababu ni chakula cha kwetu. Githeri yenyewe, isyo, nyoyo ya Wajaluo, hizo ndizo punje nzima.

Maharagwe mekundu yachemshwe kwa moto mkali dakika kumi angalau kabla ya kupunguza, ju mabichi yana sumu ya tumbo. Chuma cha ndengu na managu mwili unakichukua vizuri zaidi ukila na ndimu, nyanya au chungwa, na chai inakizuia. Najua kuwaambia Wakenya watenge chai na chakula ni kutafuta vita, lakini ngojeni saa moja hivi. Na kama umeacha hadi maziwa na mayai, vitamini B12 huipati kwa mboga. Tafuta vidonge au chakula kilichoongezwa. Usijifanye shujaa.

Sasa resipi, ju sitaki mtu aseme nimepiga mdomo tu.

Githeri ya bedsita, watu watatu. Kama gesi ni shida, nunua githeri iliyochemshwa kwa mama wa mtaa, vikombe vinne, ukichagua ile mahindi yake yamepasuka. Kama una jiko la makaa na Jumapili nzima, chukua vikombe viwili vya mahindi makavu na kimoja cha maharagwe, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika kumi za kwanza kisha moto wa kawaida saa mbili na nusu hadi tatu. Chumvi baadaye, si mwanzoni.

Kaanga kitunguu kikubwa kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta hadi kiwe rangi ya chai ya maziwa. Usiharakishe hapa. Githeri nyingi huharibikia hapa. Weka saumu punje tatu, kipande cha tangawizi, nusu kijiko cha jira. Nyanya tatu, zipike mpaka mafuta yajitenge. Githeri iingie na kikombe kimoja cha yale maji yake ya kuchemshia, kwa sababu huko ndiko supu iliko. Dakika kumi na tano, ukiponda kidogo na mwiko ili supu iwe nzito. Mwisho majani ya kunde au terere, dakika tatu tu, dhania, na ndimu nusu. Kula na avokado. Hiyo avokado haihitaji quinoa.

Jaribu hiyo, halafu uniambie kama ni chakula cha adhabu.

Lakini kazi kubwa siyo hiyo. Kazi kubwa nawapa nyinyi, ju mimi ya kwangu nilichelewa.

Wikendi hii mpigie nyanya yako. Shosho, cucu, dani, kukhu, kogo, susu, vyovyote unavyomwita. Kama unaweza kwenda, nenda. Usiende na meza nzuri wala taa. Nenda na simu, daftari na kikombe cha kupimia. Atakuambia "weka kiasi." Mwambie aweke kiasi hicho kwanza ndani ya kikombe, kisha uandike. Atasema "mpaka iive." Angalia saa. Atasema "ukiona imekuwa hivi." Piga picha ya hiyo "hivi." Muulize jani linaitwaje. Atakucheka, atasema umesoma mpaka umepotea. Wacha acheke. Andika.

Kama nyanya hayuko, uliza mama. Kama mama yuko mbali, uliza yule mama wa kibanda anayekupikia ndengu kila siku na hujui jina lake.

Mimi kuanzia mwezi huu sipiki tena kitu ambacho mtu wa bedsita hawezi kununua. Nitapika wimbi, mtama, njahi, mrenda, na nitaandika vipimo kwa vikombe na gorogoro. Kuna video zitakazoanguka. Ziache zianguke. Mkinitumia resipi za nyumbani kwenu, nitazipika na nitasema zimetoka kwa nani, kwa jina mtakalotaka niseme. Zikifika za kutosha, tutakuwa na kile kitabu mnachoniuliza kila wiki.

Na kama uko Makueni, na unajua jani kavu ambalo akina susu husugua juu ya isyo sufuria ikikaribia kushuka, tafadhali niambie linaitwaje. Mathe bado anasema ni kitunguu cha majani. Mimi najua si kitunguu.